Fundi wa Kuhesabu Seli

Kwanza niseme ukweli, maana mwenyewe asingekubali nianze na sifa: kuna mwaka mzima nilimchukia Fundi. Nilimchukia huku nikinywa chai yake na kutafuna chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, aliyonunua kwenye maduka ya Tooting. Watu wakinisikia nikimtaja leo hudhani tulipatana tangu siku ya kwanza. Hatukupatana. Alikuwa mtu mgumu, mkavu wa maneno, na kunibembeleza hakujua hata nilipokaa mbele yake nikilia.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani, kwa sababu miaka kumi na mitatu niliyomjua hakunieleza. Alikuwa Mhindi wa kwetu, Kiswahili chake cha Tanga hakikuwa na kasoro, na hilo lilinitosha. Mlangoni kwake paliandikwa "Technician". Nilipouliza nikaambiwa maana yake ni fundi, basi nikamwita Fundi, naye akaitikia kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

Mwaka 1994 nilipata kazi ya usafi katika jengo la utafiti nyuma ya hospitali moja ya London. Wiki ile ile ya kwanza nilipindua ndoo ya maji machafu katikati ya maabara ya ghorofa ya tatu. Nikaitukana ile ndoo kwa lugha ya nyumbani, tena tusi zima, nikiamini hakuna wa kunielewa.

"Ndoo haina kosa," sauti ikasema kutoka nyuma ya hadubini. "Uliijaza mno."

Nikageuka. Bibi wa Kihindi, sweta la kijivu, miwani moja machoni na nyingine kichwani, wala hakuinua uso. Nilijikuta nimesema, "Shikamoo."

"Marahaba. Deki kuanzia dirishani uje mlangoni. Ukianzia mlangoni utajifungia ndani."

Hayo ndiyo makaribisho niliyoyapata. Hakuuliza jina langu mpaka mwezi wa tatu, na alipojua nina binti anayeitwa Upendo, akaniita Mama Upendo, ikawa basi.

Kazi yake ilikuwa ubongo. Aliletewa bongo za panya, na mara chache za watu waliotoa ruhusa kabla hawajafa, akazikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akavipaka rangi, akavilaza juu ya vioo vidogo. Kisha alikaa kwenye hadubini na kuhesabu. Mkono wa kushoto alishika kimashine cha chuma, kile cha kubonyeza kwa kidole gumba, kila seli moja bonyezo moja. Tik. Tik. Tik-tik. Nimedeki sakafu ile miaka yote kwa mlio huo, na hata leo nikiwa nadeki jikoni kwangu huusikia.

Alinionyesha anachohesabu mara moja tu. Nilichungulia nikaona vitu vya rangi ya kahawia, vidogo, vyenye mikono mingi myembamba iliyonyooshwa kila upande.

"Hizi ni seli za kinga za ubongo," akasema. "Mtu akiwa mzima zinakaa hivyo, zinapapasapapasa, zinaangalia kama kila kitu kipo sawa. Sasa tazama hiki." Akabadilisha kioo. Hapa zilikuwa zimekunja mikono, zimekuwa duara, zimenona, zimejazana ukingoni mwa sehemu iliyopauka. "Huyu alipata kiharusi. Hapo palipopauka palikosa damu, pakafa. Hizi zimekuja kusafisha, na nyingine zimetoka kwenye damu kuja kusaidia."

"Kumbe ni wafanyakazi wa usafi kama mimi," nikasema nikicheka.

"Kama wewe kabisa. Siku ya kwanza zinamwaga maji ovyo."

Akanieleza kwa kifupi, kwa ile namna yake ya kutoa maneno kama anayakatia risiti. Profesa wake, mwenye maabara, aliamini seli zile ndizo adui. Zikija kwa fujo huleta uvimbe, na uvimbe huua hata sehemu za jirani ambazo zingepona. Kwa hiyo alikuwa akitafuta dawa ya kuzizuia. Fundi alimhesabia miaka yote hiyo, lakini hakukubaliana naye moja kwa moja.

"Siku za mwanzo zinaharibu, sawa," alisema. "Lakini ile takataka ataizoa nani? Wiki zikipita, hizo hizo ndizo zinazosafisha ili kilichobaki kipate nafasi ya kupona. Ukizifukuza zote umebaki na nyumba chafu."

"Mwambie Profesa basi."

"Mimi nahesabu. Hesabu ndiyo itamwambia."

Mimi katika maelezo yale nilichukua nusu ya kwanza tu, ile ya kuharibu, nikaenda nayo nyumbani. Nusu ya pili niliiacha pale pale kwenye hadubini. Nitakuja kwenye hilo.

Jambo ambalo kila mtu wa ghorofa ile alilijua ni selotepu. Vioo vyake vyote vilikuwa na lebo iliyozibwa kwa kipande cha selotepu nyeusi, na aliyeziba ni mtu mwingine, si yeye. Hakutaka kujua panya yupi alipewa dawa na yupi alipewa maji. Alihesabu vyote kwanza, akaandika, ndipo lebo zikafunuliwa mbele ya mashahidi. Siku moja Profesa aliingia akiwa na furaha zake, akagonga trei kwa kidole na kusema kwamba hivi vya mbele ndivyo vya dawa, atavipenda. Fundi akaweka chini kimashine. Akaisukuma trei nzima pembeni.

"Now I know," akamwambia. "My eyes are no good."

Kazi ya wiki mbili ikaanza upya, vioo vikachanganywa, selotepu mpya, na Profesa mzima alitembea koridoni kichwa chini kama mtoto aliyevunja glasi. Nilimwambia Fundi amezidisha. Akanijibu kwamba mtu anayetaka jibu fulani macho yake huliona hata kama halipo, na kwamba yeye mwenyewe hana macho tofauti na ya watu wengine.

Sasa mtu asidhani alikuwa mtakatifu. Fundi alikuwa mwongo wa kupindukia katika kila jambo lisilo na namba. Mwanawe wa kiume alimkataza vitu vitamu kwa ajili ya sukari, naye akamwapia kwa simu, mbele yangu, kwamba hajagusa jalebi tangu sikukuu, huku vidole vyake vinang'aa shira. Aliwadanganya wenzake umri wake, kila mwaka akipunguza. Kwenye karata alikuwa mwizi asiye na haya. Niliwahi kumfumania na jike la shupaza kwenye mkono wa sweta. "Karata ni mchezo," alisema, wala hakuliondoa. Aliweza pia kuwa mkali bila sababu: ukikohoa anapohesabu, hakusemeshi mpaka Alhamisi.

Machi mwaka 1998 mume wangu, Baba Upendo, alianguka bafuni kwetu Hounslow akinyoa ndevu. Alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege, mtu wa miraba minne, aliyezoea kuinua masanduku ya watu wasiojua kupima uzito. Nilimkuta ameegemea beseni, povu nusu ya uso, mkono wa kulia unaning'inia. Nilimwita. Akanitazama vizuri kabisa, akafungua mdomo, akasema, "Kumbe."

Nikamwuliza ameumia wapi. "Kumbe," akasema. Ambulensi ilipokuja wakamwuliza jina lake. "Kumbe, kumbe." Neno hilo moja ndilo lililobaki, mengine yote yalizimika. Hospitalini wakasema ni kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba siku za mwanzo ndizo za hatari kwa sababu ya uvimbe. Waliposema uvimbe nilishtuka, maana nilijiona ninajua jambo. Niliziona zile seli zimenona, zimekunja mikono, zinavunja vyombo kichwani mwa mume wangu, na hakuna anayezizuia.

Shemeji yangu, mdogo wake anayekaa Ilford, naye alikuwa amekosa subira. "Shemeji, hawa wanamwangalia tu," alisema. "Wanaandika andika kwenye file. Kule nyumbani angeshapewa kitu." Yeye ana pumu, na kila akienda Dar hurudi na vidonge vyake vidogo vyeupe vya kupunguza uvimbe, ambavyo huko unanunua dirishani bila cheti. Alinipa pakiti mbili. "Hizi ni steroids. Kifua kikivimba, kimoja tu napata nafuu. Kichwa si mwili huo huo?"

Na mimi kila siku nilikuwa nikipeleka uji. Mtu wa kwetu akilazwa lazima apelekewe uji kwenye chupa ya chai, hata kama hospitali ina jiko la ghorofa mbili. Mtaalamu wa kumeza alikuwa amesema Baba Upendo aruhusiwe vitu vizito tu, kwa kijiko, akiwa amekaa wima. Uji wangu ulikuwa mzito, manesi wakausifu. Nikasaga vile vidonge kwa mgongo wa kijiko nikavikorogea humo, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sukari ya kutosha kuficha uchungu. Nilijiona mjanja. Nilifikiri nimewapita hata maprofesa, maana wao walikuwa bado wanahangaika na panya.

Siku ya nne alikuwa na homa. Kifua kinakoroma, sukari ya damu imepanda vibaya, na hakuwa na kisukari. Madaktari walikuja wawili, kisha watatu. Wakauliza kama ana kisukari katika ukoo, kama aliwahi kuugua kifua kikuu, wakatoa damu, wakampeleka kupigwa picha. Nilisimama pale na chupa yangu ya uji mkononi nikasema sijui, hapana, sijui. Niliona wanavyotafuta, na kitu wanachokitafuta kilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Nilinyamaza kwa woga. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijakamilika, na katika akili yangu polisi walikuwa tayari wako kwenye lifti. Nilimwona Upendo amechukuliwa na ustawi wa jamii. Nilijiambia homa itashuka yenyewe. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kazini, kwa sababu nisingekwenda ningepoteza na kazi pia, nikasimama kwenye sinki ya maabara nimefungua bomba, na ndoo ikajaa ikamwagika nisione.

Tik-tik ikakoma. "Ndoo imejaa," Fundi akasema. Halafu akanitazama vizuri. "Nini?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea anipige kofi au anikumbatie, lolote kati ya hayo mawili lingenisaidia.

"Vingapi?" akauliza.

"Fundi, nisamehe, sikujua..."

"Mimi si padri. Vingapi?"

"Vichache."

"Vichache si namba, Mama Upendo."

Alivua koti jeupe. Akaangalia karatasi yake ya hesabu, ilikuwa imefika mbali, akaikata kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, maana kioo ukikiacha katikati huwezi kuendelea ulipoishia. Wakati ule sikuelewa alichokitupa asubuhi ile kwa ajili yangu. Niliona tu mtu asiye na huruma anachukua mkoba wake.

Tukapanda treni. Nilikuwa nimeushika mkoba kwa mikono miwili, yeye anatazama dirisha. Tulipokaribia nikamwomba aingie yeye tu, aulize kwa niaba yangu bila kunitaja. Akatikisa kichwa. "Watataka kujua ni dawa gani na kiasi gani. Wanapigana gizani, nawe ndiye unayejua swichi ilipo."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Tulikaa naye chumba kidogo chenye sanduku la tishu mezani. Nikaanza vizuri. Nikasema nilimpa dawa za shemeji yangu, za pumu, nikataja jina lililoandikwa kwenye pakiti. Aliposikia, alifumba macho kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya upole vilikuwa vingapi.

"Four," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Nadhani nilitaka dhambi yangu iwe ndogo. Daktari akaandika nne.

"Mama Upendo," Fundi akasema kwa Kiswahili, "toa pakiti."

Sikutoa. Nikamwangalia kwa macho ya kumwomba, mwanamke kwa mwanamke, mtu wa kwetu kwa mtu wa kwetu. Akaunyanyua mkoba kutoka mapajani pangu, akaufungua, akalaza zile pakiti mbili mezani. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kila tundu lililokwisha kutobolewa, moja moja, kwa mwendo ule ule wa kazini. Nilisikia karatasi ya fedha ikikwaruza.

"Eleven, doctor," akasema. "In three days."

Daktari akakata nne, akaandika kumi na moja. Akatoka mbio. Baadaye alirudi akanieleza bila kunigombeza kwamba ingekuwa nne tu, sukari ile na homa ile wangeendelea kuzitafutia sababu nyingine, na muda huo mume wangu hakuwa nao. Akasema dawa zile kwa mtu wa kiharusi hazikuonekana kusaidia, na kwamba hupunguza kinga ya mwili mzima, na mtu ambaye hamezi vizuri anahitaji kinga hiyo kifuani kuliko wakati wowote.

Koridoni Fundi aliniambia jambo moja tu. "Ulitaka kuzima jiko, ukazima umeme wa nyumba nzima."

Pale ndipo nilipomchukia. Sikumchukia kwa kunileta; nilimchukia kwa kile kidole gumba. Angeweza kuniacha na nne yangu mbele ya yule daktari, akamnong'oneza ukweli pembeni. Usiku na mchana nilikiona kile kidole kikipita juu ya matundu. Hakuna polisi aliyekuja. Baba Upendo alikaa siku tisa akipumua kwa shida, mimi nimekaa kando nimeshika vidole vyake vya kulia visivyonishika, kisha homa ikaanza kushuka. Na mimi badala ya kushukuru nikazidi kununa.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Fundi alianza kuja Jumamosi. Hakuomba ruhusa. Alitoka Tooting kwa mabasi, akaingia na daftari, kile kimashine, na mfuko wa chevda. Alikaa mbele ya Baba Upendo robo saa kamili, akamwonyesha vitu vya nyumbani, kijiko, kiatu, picha ya harusi, na kuhesabu maneno anayotoa. Neno "kumbe" halikuhesabiwa.

"Nitahesabu mwenyewe," nilimwambia Jumamosi ya kwanza. "Ni mume wangu."

"Ndiyo maana huwezi. Wewe unampenda. Utasikia maneno ambayo hakuyasema."

Ni kweli kwamba nilikuwa nimeshaanza kuyasikia. Nilikuwa nimewapigia ndugu simu Moshi nikawaambia amesema "maji". Upendo alinisikia akasema, "Mum, he didn't. He said kumbe." Nikamfokea mtoto.

Jumamosi ya kwanza Fundi aliandika sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu sifuri, na alisoma kwa sauti, kana kwamba anatangaza treni. Nilitamani nimtupe nje na daftari lake. Nilikuwa nikimpikia kwa hasira, pilau inawekwa mezani kwa kishindo. Jumamosi ya sita tulikuwa tunakula, daftari limekwisha kufungwa, Baba Upendo akatia kijiko mdomoni kwa mkono wa kushoto, akatafuna, akakunja uso.

"Chumvi," akasema.

Akanitazama, akasogeza sahani, akarudia kwa malalamiko ya mume aliyezoea kulalamika: "Chumvi!" Fundi alifungua daftari, akabonyeza kimashine mara moja, akaandika moja. Moja tu, kwa sababu ni neno lile lile. Nililia mpaka nikashindwa kumpelekea hiyo chumvi. Na namba ile, kwa kuwa iliandikwa na mtu ambaye asingenionea huruma, niliiamini kuliko kitu chochote nilichoambiwa mwaka ule. Sijui chuki iliisha siku gani, ilinyauka taratibu mpaka mwaka ukapita, lakini nikiulizwa huwa nataja hiyo.

Baba Upendo alipata maneno mengi baadaye, si yote. Hutembea kwa fimbo, hutukana wachezaji wa mpira vizuri kabisa. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, Fundi alinieleza kwamba sasa hata wakubwa wameanza kusema kwa sauti alichokuwa akinung'unika. Dawa nyingi za kuzizuia zile seli ziliwasaidia panya zikashindwa kwa watu, na wengi wanauliza ni lini zinaharibu na ni lini zinaponya. Profesa naye alibadilisha swali. Nilimwuliza kama amefurahi. Akasema bado haijulikani, na kwamba watu wakishapenda jibu jipya watahitaji selotepu zaidi.

Alistaafu mwaka 2003. Siku ya mwisho alinipa kile kimashine bila hotuba, akakiweka ndani ya ndoo yangu kavu, akaenda zake.

Mwaka 2007, mwezi wa Oktoba, binti yake alinipigia simu. "Auntie, Mum's had a stroke. She keeps asking for you. She says bring the counter."

Nilimkuta kwenye wodi ya mazoezi, kusini mwa London, kitanda cha dirishani. Alikuwa amepungua nusu. Uso umegeukia kulia, mkono wa kushoto umelala juu ya mto kama si wake. Maneno yake yote yalikuwepo, makavu vile vile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umechelewa. Umekileta?"

Nikamwonyesha. Akaniambia nisogee upande wa kulia, maana upande wa kushoto haoni wala hakumbuki kama upo. "Sikiliza. Ni ubongo wa kulia. Nikiuambia mkono wa kushoto ucheze, nahisi umecheza. Nahisi kabisa. Lakini nimekata bongo za namna hii miaka mingi, najua zinamdanganya mwenyewe. Nawauliza watoto. Wanasema, yes Mum, it moved, well done. Wanalia wakisema hivyo." Akavuta pumzi. "Daktari anasema wiki hizi ndizo za kujua. Nikiwa nafanya kazi bure nataka nijue. Nikiwa sifanyi bure, nataka nijue."

"Waambie manesi."

"Wana watu ishirini. Nataka wewe. Watoto wangu wananipenda. Wewe ulinichukia mwaka mzima, utahesabu."

Sikujua kwamba alijua. Nikavuta kiti.

Kila siku saa nane nilikwenda. Alifumba macho, akakaza taya, akauamuru ule mkono mara kumi, jasho likimtoka kwenye nywele. Mimi nilivikodolea macho vidole, kimashine kimefichwa ndani ya kiganja. Kila mara akimaliza aliuliza, "Ngapi?" Siku ya kwanza uso wake ulikuwa na matumaini mengi kiasi kwamba neno "tatu" lilifika ulimini. Nikaziona tena zile pakiti mbili kwenye meza ya yule daktari.

"Sifuri, Fundi."

"Andika."

Siku ya pili sifuri. Ya tatu sifuri, na binti yake akanifuata koridoni akaniuliza kwa Kiingereza nina moyo wa namna gani. Siku ya nne Fundi hakuuliza ngapi mpaka baada ya dakika nyingi, na nilipomwambia, chozi moja lilishuka upande wa kulia, ule anaoujua. "Andika," akasema. Ya tano nilikwenda nikiwa nimekwisha kuomba njia nzima kwenye basi, na bado ilikuwa sifuri.

Siku ya sita, katika lile jaribio la saba, niliona kidole kidogo kimepanda. Au sikuona. Kilipanda kiasi cha unene wa kucha, kikarudi. Kidole changu gumba kilikuwa tayari juu ya kimashine, nikashindwa kubonyeza. Nilikuwa nimeitaka mno namba ile. Nilitaka mpaka macho yaliniuma.

"Ngapi?" Fundi akauliza, macho yamefumbwa.

"Subiri."

"Mama Upendo. Ngapi?"

Palikuwa na mama mmoja wa makamo anayedeki wodi ile, Mkongo wa Bukavu, tuliyezoea kusalimiana. Nikamwita. Nikamwambia, "Mama, simama hapa. Angalia mkono huu. Sikuambii natafuta nini. Ukiona kitu sema, usipoona sema hujaona."

Akaegemeza dekio ukutani, akafuta mikono kwenye aproni, akainama. Nikamwomba Fundi aendelee. Jaribio la nane, kimya. La tisa, kimya. La kumi Fundi alikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Eeh," yule mama akasema. "Ile kidole ya kadogo. Inatikisika mara moya. Minaona."

Nikabonyeza. Tik.

Fundi alifumbua macho. Akautazama ukuta, akatafuta uso wangu mpaka akaupata. Alikuwa amesikia kila kitu: kwamba nilikuwa nimekiona kabla, na kwamba sikuthubutu kuyaamini macho yangu nikaenda kuazima ya mtu mwingine.

"Kumbe unanipenda," akasema. "Andika moja."